Kipimo cha sukari: cha kufunga, A1c, mashine ya nyumbani au sensa ya mkononi, uchague kipi?

Mama yangu ana kisukari aina ya pili toka 2016, na mtoto wa dada yangu ana aina ya kwanza, alikutwa nacho akiwa na miaka 9. Nyumbani kwetu "imesoma ngapi?" inaulizwa asubuhi hata kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Ndo maana ndugu na majirani wakigundulika wanakuja kwetu, na wengi hawaulizi habari ya dawa, dawa wameshapewa, wanauliza wapime na nini. Mmoja kaambiwa aende kliniki kila mwezi akiwa hajala, mwingine kaandikiwa A1c, kile cha damu kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, na anashangaa mbona hakuambiwa afunge, mwingine mwanae kamnunulia mashine ipo kabatini haijawahi kufunguliwa, na mwingine kaona mtu kabandika kidude kwenye mkono anasoma sukari kwenye simu bila tone la damu basi na yeye anataka hichohicho, hata akope.

Nimekaa na hivi vipimo vyote vinne ndani ya familia moja, kwaiyo naviweka hapa pembeni kwa pembeni. Ninachokuomba ukiwa unasoma ujiulize swali lako wewe ni lipi, maana kila kipimo kina swali moja kinalijibu vizuri na mengine kinayajibu vibaya, na nimeona hela nyingi zikiteketea watu wakinunua jibu la swali ambalo sio lao.

Namba kwanza

Ili daktari aseme una kisukari kuna namba zinazokubalika duniani kote. Sukari ya kufunga, yaani hujala masaa 8 au zaidi, ikifika 7.0. Au saa 2 baada ya kunywa glukosi gramu 75 ikifika 11.1. Au A1c ikifika asilimia 6.5, hii Shirika la Afya Duniani (WHO) walianza kuikubali kwa kugundua ugonjwa 2011. Au saa yoyote ile ikisoma 11.1 na kwenda juu huku una dalili zenyewe, kiu isiyokata, kukojoa usiku mara nne mara tano, kukonda bila sababu. Kama huna dalili hawakuhukumu kwa kipimo kimoja, wanarudia siku nyingine, na hiyo ni haki yako usione wanakusumbua. Kufunga ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 bado hujawa mgonjwa kwa hesabu ya WHO lakini upo njiani, na hapo ndipo pa kushtuka mapema maana bado panageuzika.

Hizo namba ni za mmol/L, ndo tunazotumia Tanzania na Kenya. Marekani wanatumia mg/dL ambayo ni mmol mara 18. Kaka yangu aliyeko huko alituma mashine, mama akapima ikasoma 142, nyumba nzima ikasimama, watu wakaanza kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali, kumbe ile ni 7.9 tu, siku ya kawaida kabisa kwake. Kwaiyo mashine ikitoka nje angalia kwanza herufi ndogo pembeni ya namba.

Na aina ya kisukari inabadilisha sana jibu la nani apime na nini. Aina ya kwanza kinga ya mwili imeziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari, huyo bila sindano haishi, na sukari yake inaweza kupanda mlima na kushuka bondeni ndani ya siku moja. Aina ya pili, ambayo ndo karibu watu 9 kwa kila 10 wenye kisukari, insulini ipo lakini mwili unaikaidi na kongosho inachoka polepole, mwendo wake ni wa taratibu na ndo maana inakaa miaka bila kujulikana. Halafu kuna ya ujauzito, hiyo ina namba zake kali zaidi nitaisema mwishoni.

Vigezo nilivyotumia

Nimevipima vyote kwa mambo manne. Kinajibu swali gani. Kinadanganywa na nini, maana hakuna kisichodanganyika. Hela, upatikanaji na usumbufu wake. Na kinamfaa nani. Bei za shilingi siziandiki kwa sababu zinatofautiana duka kwa duka na zinabadilika kila leo, ila nitakuonesha hesabu ya kuifanya mwenyewe.

1. Sukari ya kufunga, ile ya kliniki au maabara

Kinajibu nini. Kinakwambia sukari yako ilikuwa ngapi asubuhi ile, basi. Ikipimwa maabara kwa damu ya mshipani ni kipimo kizuri sana cha kugundua ugonjwa, na kwa mtu anayetumia insulini ya usiku kinaonesha kama dozi ya jana usiku ilitosha.

Kinadanganywa na nini. Hapa naomba nikae kidogo. Tatizo kubwa la hiki kipimo ni sisi wenyewe. Mtu kliniki yake Jumanne, kuanzia Jumamosi anaacha soda, Jumapili anakula mchicha na kipande kidogo cha ugali, Jumatatu analala na njaa, Jumanne anapima 6.2, nesi anamsifia, anarudi nyumbani Jumanne hiyohiyo chapati tatu na chai ya maziwa yenye sukari. Mama alifanya hivi karibu miaka miwili, daftari lake la kliniki lilikuwa zuri kuliko la mtu yeyote na huku miguu ilianza kuwaka moto usiku. Hakuwa anamdanganya daktari kwa ubaya, alikuwa anaogopa kugombezwa mbele za watu kwenye benchi, na mimi naona hilo ni jambo la wahudumu na sisi familia kulifikiria, mgonjwa akigombezwa kwa namba atakuletea namba unayoitaka.

Vingine ni vidogo vidogo. Wapo ambao asubuhi iko sawa lakini baada ya kula inaruka 14, huyo kipimo cha kufunga hakimuoni kabisa. Wapo ambao kuanzia alfajiri ini linamwaga sukari kwenye damu kabla hawajaamka, wanaonekana wabaya kuliko walivyo mchana. Malaria, homa, dawa ya prednisoloni, msongo, vyote vinapandisha. Na damu ikitolewa ikaachwa kwenye chupa ya kawaida chembe za damu zinaendelea kuila ile sukari, kila saa inapungua kama asilimia 5 mpaka 7, kwaiyo sampuli inayosafirishwa toka zahanati mpaka hospitali ya wilaya bila chupa yenye dawa ya kuzuia inaweza kukuonesha mzima wakati sio.

Hela na usumbufu. Ndo kipimo rahisi kuliko vyote na kinapatikana hata zahanati. Usumbufu ni kufunga na foleni, mzee wa miaka 70 aliyekunywa vidonge vya glibenklamidi asubuhi kwa mazoea afu akae njaa mpaka saa 5 anaweza kushuka sukari palepale kwenye benchi. Siku ya kupima dawa ya sukari inasubiri mpaka chakula, muulize daktari wako akuandikie hivyo, na maji ya kunywa yanaruhusiwa.

Kinamfaa nani. Anayetaka kujua kama anao au hana, na mtu wa aina ya pili aliyetulia ambaye hana uwezo wa kitu kingine kwa sasa. Ila huyu wa pili aende kliniki akiwa amekula maisha yake ya kawaida wiki nzima, la sivyo analipia nauli ya kujificha.

2. A1c, wengine wanaiita kipimo cha miezi mitatu

Kinajibu nini. Sukari ikiwa kwenye damu inajibandika kwenye chembe nyekundu, na chembe nyekundu inaishi kama siku 120, kwaiyo maabara wakihesabu ni asilimia ngapi imebandikwa wanapata wastani wa miezi miwili mpaka mitatu iliyopita. A1c ya 6 ni kama umekaa kwenye wastani wa 7.0, ya 7 ni 8.6, ya 8 ni 10.2, ya 9 ni 11.8, ya 10 ni 13.4. Watu wazima wengi wanaambiwa walenge chini ya 7, mzee sana au mwenye magonjwa mengi daktari anaweza kumlegezea mpaka 8 na sio kwamba amemtelekeza, anamlinda na kushuka.

Hiki ndo kilichomvua mama. Kufunga 6.4, A1c asilimia 9.8. Daktari hakumgombeza, alimuonesha tu zile namba mbili na akamuuliza kwa upole katikati ya hapo kuna nini, na mama ndo akaanza kusema ukweli wa chai ya jioni.

Huhitaji kufunga, unaweza kwenda saa 9 mchana umeshiba wali. Na sampuli yake haiharibiki haraka kama ile ya sukari.

Kinadanganywa na nini. Hapa kwetu ni pa kuangalia sana kuliko wanavyoandika huko Ulaya, kwa sababu kinategemea chembe nyekundu na chembe nyekundu zetu zina mambo. Mwenye sikoseli kamili chembe zake zinakufa mapema, A1c inatoka chini na haina maana. Mwenye kubeba kinasaba kimoja tu bila kuumwa, na Kanda ya Ziwa na Pwani wako wengi sana, inaweza kusoma chini kidogo, kuna utafiti wa 2017 kwenye jarida la JAMA kwa Wamarekani weusi ulikuta tofauti ya kama 0.3. Ukipungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma inapanda kwa uongo. Ukiongezewa damu, au malaria kali ikivunja chembe zako, au una ujauzito, inapotosha. Kwaiyo kama A1c na namba za kuchoma kidole havielewani kabisa usimuite mtu muongo haraka, sema historia ya damu yako kwa daktari, kuna kipimo kingine kinaitwa fruktosamini kinaangalia wiki mbili tatu na hakitegemei chembe nyekundu.

Jambo jingine, wastani unaficha. Mtoto wa dada yangu aliwahi kupata 7.2 tukashangilia, kumbe alikuwa analala kwenye 3 na anashinda kwenye 15, ukichanganya unapata namba nzuri.

Hela na usumbufu. Ni ghali kuliko sukari ya kidole na sio kila kituo wanayo, wengi wanaenda hospitali ya mkoa au maabara binafsi. Lakini unaihitaji mara 2 kwa mwaka ukiwa umetulia na mara 4 kama dawa zinabadilishwa, kuirudia kila mwezi ni kutupa hela maana chembe hazijapata muda wa kubadilika. Gawanya bei yake kwa miezi mitatu uone, mara nyingi inalingana na soda ulizoacha.

Kinamfaa nani. Karibu kila mtu wa aina ya pili, hata kama atapata moja tu kwa mwaka. Na watu wa aina ya kwanza pia, ila kwao peke yake hakitoshi hata siku moja.

3. Mashine ya nyumbani, glukometa

Kinajibu nini. Sasa hivi ni ngapi. Na ukiitumia kwa akili inajibu swali zito zaidi, chakula hiki kinanifanyaje mimi.

Watu wengi wenye aina ya pili wanapima kila asubuhi, wanaandika 7.8, 8.1, 7.6, 8.0, mwezi unaisha stripu (vile vijiti vya kuwekea tone la damu) zimeisha na hakuna kilichobadilika. Namba usiyoifanyia kitu ni kidole kilichochomwa bure. Tulichofanya na mama, tulikuwa na stripu 50 na tulitaka zifike miezi miwili, ni kupima kwa jozi. Siku moja kabla ya chai ya asubuhi na saa 2 baada yake. Baada ya siku mbili, kabla ya chakula cha mchana na saa 2 baada. Afu cha jioni. Jozi moja, chakula kimoja, unaandika ulichokula. Ndani ya wiki tatu tulijua vitu ambavyo miaka miwili ya kliniki haikutuambia: uji wake wa sembe wenye vijiko vitatu vya sukari ulikuwa unamtoa 7.4 mpaka 14.1, ugali wa kipimo cha ngumi na dagaa na mboga nyingi ulikuwa unampandisha 2 tu, na wali uleule aliokuwa anauogopa ukiwa kidogo na maharage mengi ulikuwa haumfanyi vibaya. Kutembea nusu saa baada ya kula ilishusha kuliko alivyotegemea. Hakuna aliyemhubiria tena, alikuwa anajihubiria mwenyewe na kidaftari chake.

Kinadanganywa na nini. Mikono. Ukimenya embe au ukakoroga chai afu ukachoma bila kunawa na sabuni, mashine inapima embe. Spiriti ikiwa haijakauka inavuruga. Stripu zilizoachwa wazi, zilizokaa juani kwenye dirisha la duka, zilizopita tarehe, zote hizo ni namba za kubuni, tuliwahi kuuziwa boksi ambalo tarehe imefutwafutwa na mama akasoma 4 na 11 ndani ya dakika 5. Mwenye upungufu wa damu mashine inaelekea kumsoma juu kuliko ukweli.

Na hata ikiwa nzima, viwango vya kimataifa (ISO 15197 ya 2013) vinairuhusu kukosea asilimia 15 juu au chini kuanzia 5.6 na kuendelea, na chini ya hapo 0.83. Yaani 10 ya kweli inaweza kusoma 8.5 au 11.5 na mashine haijaharibika. Kwaiyo usilie kwa sababu jana 7.2 leo 7.9, hiyo ni namba moja. Na kwa sababu hiyohiyo usijigundue ugonjwa kwa mashine ya jirani, ikisoma vibaya nenda ukapime maabara.

Hela na usumbufu. Mashine yenyewe ni rahisi, wakati mwingine wanatoa bure, mtego upo kwenye stripu maana kila mashine inakula stripu zake tu. Kabla hujanunua uliza bei ya boksi la stripu na uulize kama duka la dawa lililo karibu na nyumbani wanazo siku zote, zidisha kwa mwaka, ndo ujue bei ya mashine. Anayepima mara 4 kwa siku anahitaji 120 kwa mwezi, ni boksi mbili na nusu za hamsini. Anayepima kwa jozi mara tatu kwa wiki ni kama 25 tu. Kichoma kidole kisichangiwe hata na mke na mume, homa ya ini B inapita hapo, na zilizotumika tunaweka kwenye chupa ngumu ya plastiki. Choma pembeni ya kidole, katikati panauma na ndipo unaposhikia vitu.

Kinamfaa nani. Kila anayetumia insulini, hili halina mjadala. Anayetumia glibenklamidi au gliklazidi, kwa sababu dawa hizo zinaweza kumshusha. Mjamzito. Na yeyote wa aina ya pili aliye tayari kubadilisha sahani kutokana na namba. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake na ametulia anaweza kuishi vizuri bila kuchoma kila siku.

4. Sensa ya mkononi

Kinajibu nini. Namba inaelekea wapi. Ni kidude kidogo kinabandikwa nyuma ya mkono wa juu, kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, kinasoma sukari mchana na usiku na kutuma kwenye simu pamoja na mshale, inapanda, imetulia au inashuka. FreeStyle Libre ya Abbott ambayo imezifanya zijulikane sana ilitoka Ulaya 2014, moja inakaa siku 14. Unalenga angalau asilimia 70 ya muda uwe kati ya 3.9 na 10.0, na chini ya 3.9 usizidi asilimia 4.

Sisi tulipata mbili tu, ndugu alileta toka nje, tukamwekea mtoto wiki nne. Usiku wa tatu dada yangu alinipigia analia, sio kwa ubaya, alikuwa ameona kwa macho yake mstari unashuka saa 8 usiku mpaka 2.9 na mtoto amelala fofofo. Miaka yote ile alikuwa akiamka na kichwa kinauma na 13 asubuhi, sisi tunaongeza insulini ya jioni, kumbe alikuwa anashuka usiku na mwili unajitetea kwa kupandisha. Daktari alipunguza dozi, asubuhi zikatulia. Kidole kisingetuambia hilo labda tuchome saa 8 kila usiku.

Kinadanganywa na nini. Inasoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, damu inatangulia kwa dakika 5 mpaka 10 au zaidi kidogo, kwaiyo sukari ikiwa inakimbia sensa iko nyuma. Ukilalia mkono ule inaweza kuonesha umeshuka wakati hujashuka. Siku ya kwanza mara nyingi haijatulia. Vitamini C ya dozi kubwa inapotosha baadhi. Mwili ukisema jambo moja na simu jingine, choma kidole, ndo maana mwenye sensa bado anahitaji mashine.

Hela na usumbufu. Hapa ndo pagumu. Sensa 26 kwa mwaka kwa mtu mmoja, kwa familia nyingi hiyo ni ada ya shule. Bima nyingi kwetu hazigusi, uliza kabla hujaahidi mtoto. Inahitaji simu inayokubali, joto letu na jasho vinaibandua. Na kuna jambo la moyo, wapo wanaoangalia simu kila dakika 5 mpaka wanashindwa kulala, mtu wa aina hiyo namba nyingi zinamuumiza.

Kinamfaa nani. Aina ya kwanza kwanza kabisa, mtoto hasa, mtu ambaye haisikii sukari ikishuka, mjamzito mwenye insulini. Kama huna uwezo wa kuvaa mwaka mzima, kuvaa moja ya siku 14 huku unaandika kila unachokula na kila dozi, afu unaenda nayo kwa daktari, ina faida kubwa. Mwenye aina ya pili kwa metformini na A1c ya 6.7, hela hiyo inunue viatu vizuri na uchunguzi wa macho.

Vya mkojo navitaja kwa haraka tu. Sukari inaonekana kwenye mkojo damu ikishapita kama 10, kwaiyo mkojo safi haumaanishi uko salama, na anayetumia dapagliflozini au empagliflozini mkojo wake utakuwa na sukari siku zote kwa sababu dawa ndo kazi yake hiyo. Lakini vijiti vya kupima ketoni, yaani tindikali mwili unayotengeneza insulini ikikosekana, kwa aina ya kwanza viwepo nyumbani, mtoto akisoma zaidi ya 14, anatapika, anapumua kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo.

Kwa hali yako

Hujui kama unao: maabara, sukari ya kufunga au A1c, na wenye sikoseli au damu pungufu waanze na ya kufunga au ile ya glukosi gramu 75.

Umegundulika aina ya pili juzi na hela ni ya kubana: A1c sasa na nyingine baada ya miezi mitatu, katikati yake boksi moja la stripu kwa jozi. Ukilazimika kuchagua kati ya kliniki tatu za kufunga na A1c moja, mimi ningechukua A1c.

Umeanza insulini au vidonge vinavyoshusha: mashine ni lazima, na kila mtu nyumbani ajue ikisoma chini ya 3.9 ni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Mzazi wa mtoto wa aina ya kwanza: mashine mara 4 au zaidi kwa siku, sensa ukiweza hata kwa vipindi, A1c kila miezi mitatu. Na kabla hujauza kitu uliza kliniki ya watoto ya hospitali kubwa iliyo karibu kuhusu mradi wa Changing Diabetes in Children, upo Tanzania, Kenya na Uganda na umewapa watoto wengi insulini na stripu bure. Sisi tulikaa miezi 7 tunanunua kila kitu bila kujua.

Mjamzito: kipimo cha glukosi wiki ya 24 mpaka 28, na hapo namba moja tu inatosha kukugundua, kufunga 5.1, saa 1 baada ya kunywa 10.0, saa 2 baada 8.5. A1c usiitegemee. Ukigundulika ni mashine ya nyumbani kila siku, na baada ya kujifungua urudi kupimwa wiki ya 6 mpaka 12 hata kama unajisikia mzima.

Unafunga Ramadhani na daktari amekukubalia: mashine au sensa, kwa sababu muongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani (IDF-DAR) unasema wazi kuchoma kidole hakubatilishi funga. Pima asubuhi, adhuhuri, alasiri kabla ya futari na ukijisikia vibaya saa yoyote. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 unafungulia hapohapo, hata kama imebaki dakika 10 adhana.

Unamtunza mzazi aliye mbali kijijini: usimtumie mashine peke yake. Tuma na stripu za miezi mitatu, kaa na mtu mmoja wa pale nyumbani kwa simu ya video mpaka aweze kuchoma na kuandika, na mkubaliane siku mbili za wiki utakazopiga kuuliza. Ya mama ilikaa kabatini mwaka mzima kabla sijafanya hivyo, saivi Jumatano na Jumamosi saa 1 jioni nikichelewa ananipigia yeye.